Niliandika "Mchukue"

Kwa msomaji aliyetufikia leo: mimi ndiye yule mama aliyetoka kwenye ndoa na begi moja, akamwacha mtoto kwa baba yake "kwa siku tatu tu", na siku tatu zikazaa miezi saba.

Wiki iliyopita mliniacha mbele ya afisa wa ustawi wa jamii. Alikuwa ananihesabia kwa ncha ya kalamu. Chumba ninacho, sawa. Tabia, majirani wamenisifu, sawa. Kazi ya kudumu, barua ya mwajiri iko wapi?

"Ijumaa," nikamwambia.

"Ijumaa kabla ya saa kumi, mama. Jumatatu faili linakwenda kwa hakimu kama lilivyo. Bila barua, mtoto anabaki kwa baba."

Wengine mmeandika kwa mhariri mkiuliza mbona silii. Hata mimi najiuliza. Niliwahi kung'olewa gego, na daktari akaniambia, ngoja ganzi iishe ndipo utajua nimekufanya nini. Hii yangu ina miezi saba na bado sijajua.

Sasa nitawaeleza jambo ambalo hata afisa hakulijua. Likinishushia hadhi mbele yenu, potelea mbali.

Kazi yangu ni kutafsiri maneno ya michezo ya video. Si hadithi nzima iliyokaa kwenye kurasa, la. Tunaletewa jedwali. Mstari mmoja una neno moja, mwingine una sentensi, mwingine una mlio wa mtu anayeanguka. Picha hatuoni. Tunajaza Kiswahili upande wa kulia, tunapeleka, tunasubiri jedwali jingine.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Bosi tunamwita Mkubwa, na yeye analipenda jina hilo. Mimi natafsiri. Mama Nukta anahakiki.

Mama Nukta ni mtu mzima, ana miaka sitini na kitu, penseli haimtoki sikioni. Jina alilipata kwa sababu hawezi kuona sentensi isiyo na nukta akanyamaza. Macho yake hayapatani na kompyuta, kwa hiyo kila kitu anakichapisha kwenye karatasi kwanza. Mkubwa alishapiga kelele kuhusu wino mpaka akachoka.

"Kuuliza si ujinga, mwanangu," huniambia kila siku. Mpaka nikawa naitikia bila kusikia.

Basi tukapata kazi kubwa. Kuna filamu moja ya dinosaria, wale wanyama wa kale wenye miili kama nyumba, iliyopendwa na watu wengi. Wenye filamu wakaitengenezea mchezo. Si wa kufyatua risasi. Ni wa hadithi: unatazama, unasikiliza, na kila mahali pagumu skrini inakupa vitufe viwili, uchague. Ukishachagua umechagua. Mchezo unajihifadhi wenyewe, hakuna kurudi nyuma.

Hadithi yenyewe ni ya mama, daktari wa wanyama, na binti yake wa miaka kumi. Wamekwama kwenye kisiwa cha wanyama hao na wanatafuta njia ya kutoka.

Wangu naye ana miaka kumi. Nilitafsiri mistari elfu mbili na mia tatu ya mama na binti, na sikutoa chozi. Nilikuwa naangalia saa.

Mchezo ulitoka Jumatatu. Asubuhi hiyohiyo nikapata ujumbe kutoka kwa baba wa mtoto: "Paka wenu amekojolea viatu vyangu. Mtafutieni pa kwenda."

Paka huyo anaitwa Karani, kwa sababu hawezi kuona karatasi asiikalie. Ni wa mwanangu. Chumba changu ni kidogo lakini paka anatosha. Nikajibu: "Na mtoto je?"

Hakujibu. Huwa hapokei simu zangu, na ujumbe hujibu ule anaoutaka.

Jumanne Mkubwa akanipa kazi ya kusoma maoni ya wachezaji. Nikakaa na kikombe cha chai, nikayapanga mafungu matatu: sifa, lawama, matusi.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri.

"Filamu ilikuwa ya kukimbia na kupiga mayowe. Mchezo umenifanya nifikiri."

"Hii si gemu, ni filamu inayokuomba ruhusa. Vidole vyangu vimelala usingizi. Nyota mbili."

"Dinosaria wamechorwa vizuri sana. Ila mdogo anafanana na shemeji yangu."

"Kiswahili chake safi. Kwa mara ya kwanza mama yangu amekaa tukacheza pamoja."

Hilo la mwisho nikalisoma mara mbili. Nikaliweka kwenye fungu la sifa, nikanywa chai.

Kuanzia saa nne upepo ukageuka.

"Pale darajani kuna nini? Nimebonyeza MCHUKUE, mama kambeba mnyama!"

"Mtoto analia, mguu umebanwa, daraja linakatika. Naambiwa Mchukue au Mwache. Nani mwenye akili atabonyeza Mwache? Nikabonyeza Mchukue. Mama akaokota mjusi akakimbia. Binti akaenda na maji. Nimezima, nimekwenda kulala."

"Saa sita zilizobaki natembea na mjusi. Mtoto haonekani tena. Ninyi ni watu wa aina gani?"

Na mwingine, huyu nilimkumbuka siku nyingi: "Wengine mnalalamika, hamjaelewa. Watunzi ni mafundi. Wamekufanya umwache mtoto kwa kidole chako mwenyewe huku ukiamini unamwokoa. Nyota tano."

Nikaenda kwenye jedwali. Mstari wa mia nne na kumi na mbili.

Niwaeleze, maana hapa ndipo palipo na kaburi. Lugha ya wenye mchezo ina neno lake la kumtaja mtu na jingine la kumtaja mnyama. Sisi kila chenye roho tumekitia kapu moja. Mtu amekuja, mbuzi amekuja, dinosaria amekuja. Mchukue mtoto, mchukue mbuzi. Wao waliandika "chukua" kwa maana ya mnyama mdogo aliyejeruhiwa, aliyelala pale darajani karibu na binti, na "acha" kwa maana ya mnyama huyohuyo, yaani mwache, kimbilia binti yako. Mimi nikaandika "Mchukue" na "Mwache" nikapita. Kwenye jedwali hakuna daraja, hakuna mtoto anayelia. Kuna maneno mawili tu.

Lakini Mama Nukta aliliona.

Kwenye jedwali kuna safu ya maswali. Mhakiki akiwa na shaka anaandika pale, mtafsiri anajibu, na ikibidi wenye mchezo wanaulizwa. Mama Nukta aliandika: "Huyu wa kuchukuliwa ni nani? Mtoto au mnyama?"

Siku hiyo nilikuwa nimeitwa na afisa wa ustawi kwa mara ya kwanza. Saa saba na nusu, na sasa ilikuwa saa saba. Nikajibu neno moja: "Inaeleweka."

Kisha nikafuta swali lake na jibu langu, wenye mchezo wasije wakatuona tuna mashaka mengi. Nikakimbilia kwa afisa. Nilifika, nikaambiwa ametoka.

Hicho ndicho nilichokifanya. Jumanne, mbele ya kompyuta, nilikaa nikautazama ule mstari. Nilitegemea moyo uruke. Ukakaa palepale.

Saa kumi na moja jioni ilikuwa zamu yangu ya kuongea na mwanangu. Jumanne na Ijumaa, dakika kumi, baba yake ndiye anayepiga halafu anampa simu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mamangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama, baba kaninunulia gemu ya dinosaria!"

Nikaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Ni ya Kiswahili, mama! Nilikuwa nacheza vizuri, halafu tukafika darajani. Yule mtoto amebanwa. Nikabonyeza Mchukue. Mama yake akamchukua mnyama."

"Ehe."

"Akamwacha, mama. Hata hakugeuka. Mimi nilibonyeza Mchukue kabisa, baba shahidi. Kwa nini alimwacha?"

Ndugu wasomaji, mama mwenye akili zake hapo ana la kusema. Angesema ni kosa la mashine. Angesema yule mama alikuwa anampenda, tatizo ni neno tu, na neno hilo aliliandika mtu aliyekuwa na haraka.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nimekula. Mama, lakini yule mama atarudi kumchukua?"

"Karani hajambo?"

"Hajambo. Baba anasema atamtupa."

Dakika kumi zikaisha. Zilikuwa saba, lakini baba yake ndiye mwenye saa.

Jumatano Mkubwa akatuita chumbani kwake. Alikuwa ametafuna kifuniko cha kalamu mpaka kimekuwa bapa.

"Wenye mchezo wamepiga simu," akasema. "Maoni mia tatu na kitu, yote yanalia na daraja moja. Neno watalibadilisha, hilo si shida. Shida ni kwamba wanataka jina la mtu."

"Kuna mchezaji amesema ni ufundi," nikasema. "Ametoa nyota tano."

"Nimemwona. Nikawaambia wenye mchezo tuseme ilikuwa makusudi. Wamenikatia simu."

Akavuta karatasi. "Utaratibu wetu mnaujua. Mwenye saini ya mwisho ndiye mwenye mzigo. Mama, saini ya mwisho ni yako."

Mama Nukta akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Hakumtazama Mkubwa. Alinigeukia mimi.

"Mwanangu, hebu nisaidie. Kichwa changu siku hizi chujio. Mstari huo niliuliza, au sikuuliza?"

Chini dukani kulikuwa na mtu anapatana bei ya godoro, na nilisikia kila neno. Alitaka la inchi sita.

Nikahesabu. Nikisema aliuliza, Mkubwa ataniuliza mimi nilijibu nini. Nikijibu hilo, sina kazi. Bila kazi sina barua, na bila barua mtoto anabaki.

"Hukuuliza, mama."

Akanitazama juu ya miwani. Si kwa hasira. Alinitazama anavyoitazama sentensi iliyokosa nukta, akijua wapi pa kuiweka.

"Basi sikuuliza," akasema. "Uzee huu. Mkubwa, niandikie barua yangu nikaone wajukuu."

Ikawa hivyo. Miaka kumi na tisa ikaisha kabla chai haijapoa. Mkubwa mwenyewe alionekana kama mtu aliyesukuma mlango akijua umefungwa, akaukuta wazi.

Alikusanya vitu vyake mchana huohuo. Kikombe, mto wa kukalia, boksi la penseli. Nilimshikia mfuko uwe wazi. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri, haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Mwisho akachukua kamusi yake, ile kubwa yenye jalada lililofungwa kwa utepe, akaipakata kidogo.

"Hii usinifungie. Chukua wewe."

"Mama, siwezi."

"Nami nitaifanyia nini nyumbani? Wajukuu wataichana wafanye vitambaa vya mezani." Akaniwekea mikononi. Ilikuwa nzito kama tofali. "Barua yako ni lini?"

"Ijumaa."

"Haya. Mtoto anaitwa mamako, siyo?"

"Namwita mamangu."

"Mungu amkuze," akasema, akashuka ngazi taratibu, mkono ukutani.

Msiniulize nilihisi nini. Nilirudi mezani nikamalizia mistari arobaini ya mchezo wa kupanga matunda.

Jioni ujumbe ukaingia: "Paka bado yupo."

Alhamisi hakuna kilichotokea. Kiti cha Mama Nukta kilikuwa kimeshawekwa mafaili.

Ijumaa saa nane na nusu mchana Mkubwa akaniita. Barua ilikuwa kwenye kompyuta yake, anaiandika kwa vidole viwili.

"'Ni mfanyakazi wa kudumu,'" akasoma. "'Ni mchapakazi.' Niongeze na 'mwaminifu'? Ustawi wanalipenda hilo neno."

"Ongeza."

Akaongeza. Akachapisha, akatia saini, akagonga mhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza ulitoka nusu.

"Kamchukue mwanao," akasema, na sidhani alisikia alichosema.

Nikatoka. Ofisi ya ustawi ni mtaa wa pili, dakika kumi kwa miguu. Nilikuwa na muda wa kutosha. Kwa mara ya kwanza kwa miezi saba nilikuwa na muda.

Kwenye ngazi nikaogopa barua isikunjamane. Begi langu ni la kitambaa, linakunja kila kitu. Lakini kamusi ya Mama Nukta ilikuwemo humo. Tangu Jumatano nilikuwa natembea nayo, sijui kwa nini, sikuweza kuiacha ofisini wala nyumbani. Nikaona nitaiweka barua katikati ya kurasa, itanyooka.

Nikaifungua. Ilifunguka yenyewe palipokuwa na karatasi tayari.

Karatasi ya ofisini, iliyochapishwa. Jedwali letu, la wiki ile ile. Mstari wa mia nne na kumi na mbili ulikuwa umezungushiwa penseli. "Mchukue." Kwenye safu ya maswali: "Huyu wa kuchukuliwa ni nani? Mtoto au mnyama?" Chini yake: "Inaeleweka." Na pembeni jina langu, tarehe na saa. Saa saba na dakika moja.

Alikuwa ameichapisha kabla sijafuta. Bila shaka aliichapisha. Anachapisha kila kitu.

Kwa hiyo siku ile chumbani kwa Mkubwa, alipouliza "niliuliza au sikuuliza", karatasi ilikuwa hatua kumi kutoka alipokaa. Angeinuka tu. Angeiweka mezani, na mimi ndiye ningekuwa nyumbani leo natazama dari.

Chini kabisa kulikuwa na mwandiko wake wa penseli, mpya, herufi za duara za mwalimu. Maneno manne, kila sentensi na nukta yake:

"Huyu ni mtoto. Mchukue."

Nikakaa kwenye ngazi.

Ganzi haiishi kwa kishindo, nawaambia. Inaanza kwa kuwasha. Kidole kimoja kilianza, halafu kiganja, halafu mkono mzima ulioshika karatasi. Nikajua sitaweza kumpa afisa barua yenye neno "mwaminifu" huku nimekalia karatasi hii. Nikajua pia kwamba nikipanda ngazi kumi na mbili na kumpa Mkubwa hiyo karatasi, barua itachanwa na mtoto atabaki. Na mama wa watu ameshaamua kwa niaba yangu, ameshanibariki, na baraka yake ndiyo inayoniuma.

Nikasimama. Mguu mmoja nikauweka kwenye ngazi ya juu. Huo mguu ni wangu na sijui ulikuwa unakwenda kufanya nini.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Baba yake.

"Nimechoka na maofisi yako. Njoo umchukue leo kabla ya saa kumi. Baada ya hapo nasafiri, nafunga nyumba."

Nikausoma. Nikausoma tena.

Njoo umchukue.

Kama ni mtoto, basi yamekwisha. Sihitaji barua, sihitaji afisa, sihitaji "mwaminifu". Nipande nimpe Mkubwa karatasi hii, nimrudishie barua yake na kazi yake, Mama Nukta arudi kwenye kiti chake, nami nimkimbilie mwanangu.

Kama ni paka, nyumba yake iko upande wa pili wa mji, saa nzima njiani. Nikienda, afisa atafunga. Jumatatu faili liko kwa hakimu, nami nimesimama barabarani nimempakata Karani.

Saa yangu ilisema saa tisa kasoro dakika tano.

Nikapiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Nikapiga tena. Hivyo hivyo.

Vidole vilikuwa vinawasha, lakini niliandika. Niliandika swali ambalo mama mmoja mwenye penseli sikioni aliniuliza wiki nyingi zilizopita, na mimi nikaliona linanichelewesha.

"Huyu wa kuchukuliwa ni nani? Mtoto au paka?"

Nikatuma. Nikaona ameusoma. Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Mguu mmoja bado uko juu, mmoja uko chini, begi begani, karatasi mkononi.

Jibu likaingia. Lilikuwa neno moja.

"Inaeleweka."